Sarafu ya Ujiji Isiyomo Kitabuni

Ndugu msikilizaji, juma hili sitazungumzia vita wala masultani. Nitazungumzia kipande cha chuma kinachoenea katikati ya kiganja. Kipande hicho kiliwekwa mbele yangu pale Ujiji, juu ya jamvi, na mzee mmoja mfanyabiashara wa dagaa. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, mzee akaniambia: "Mwanangu, wewe unasoma mambo ya kale. Niambie, hii ni fedha au si fedha? Nataka jibu kabla ya Jumamosi."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Mzee alikuwa amemkopesha mchuuzi mmoja kutoka bara magunia tisa ya dagaa wakavu, na wakaandikishana mbele ya mashahidi wawili. Siku ya kulipa ilipowadia, mchuuzi hakuja na noti. Alikuja na kipande hiki, kimefungwa katika kitambaa cheupe. Akasema ni sarafu ya kumbukumbu iliyotolewa na Serikali mwaka 1971, kutimiza miaka 100 tangu Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji. Akaongeza kuwa sarafu hiyo haimo hata katika vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na kwa sababu hiyo thamani yake inapita deni lote. Mzee akiipokea, hati ya deni ichanwe.

Kijana wa mzee naye alikuwa na hoja yake. Alikuwa amemwomba rafiki yake mjini Kigoma amtafutie, na rafiki akarudisha jibu kwamba sarafu ya namna hiyo haikuorodheshwa popote. "Basi ni ya bandia, baba. Yamekwisha."

Tazama jambo hilo, msikilizaji. Watu wawili wameshika ushahidi mmoja, kwamba sarafu haimo kitabuni. Mmoja anautumia kusema ni adimu, mwingine anautumia kusema ni ya uongo. Mimi nikawaambia kwamba ushahidi huo peke yake haumsaidii yeyote kati yao.

Kitabu kinachotajwa sana na wakusanyaji wa sarafu za dunia kilianza kuchapwa mwaka 1972 huko Iola, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Ni kinene kama tofali. Nakiheshimu, lakini waliokiandika ni binadamu waliotegemea habari walizoletewa na mabenki, viwanda vya sarafu na wakusanyaji wenyewe. Kilichowafikia wakakiandika, na kisichowafikia kikabaki nje. Ikiwa mtu hakuandikwa katika daftari la mtaa, haina maana kwamba hakuzaliwa.

Kwa watu wa Kigoma mfano wa jambo hili hauko mbali. Uko kwenye reli yao wenyewe, pale Tabora. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Manowari za Waingereza zikaziba njia ya bahari, na sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kufika. Askari walitaka mishahara na wapagazi walitaka posho. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kugonga sarafu zao wenyewe Tabora, kwa mitambo ya reli. Walitoa heller 5 na heller 20 za shaba, zikiwemo zilizotokana na maganda ya risasi na mizinga. Kisha wakatoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, upande wa Iramba. Sonara mmoja kutoka Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka siku hizi, ndiye aliyechonga mihuri ya dhahabu hiyo: tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, na chini yake herufi T, maana yake Tabora.

Kazi ya karakana si kazi ya kiwanda cha Berlin. Mihuri ilichongwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja ukatoka tofauti kidogo na mwenzake. Heller 20 za Tabora nyingine zina taji kubwa na nyingine taji dogo. Nyingine ni za shaba nyekundu na nyingine ni za shaba ya manjano. Katika nyingine herufi L imechongoka na katika nyingine imepinda. Hata ile ya dhahabu, ambayo zilitengenezwa 16,198 tu, ina aina mbili. Unazitambua kwa ncha ya pambo la upande wa kulia: katika aina moja inaishia chini ya herufi T ya neno la Kijerumani lenye maana ya Afrika Mashariki, na katika nyingine inaishia chini ya herufi A. Mtu wa kwanza kuwa na aina moja mkononi, na kitabuni akakuta picha ya aina nyingine tu, angeweza kuapa kwamba amepunjwa, kumbe ana dhahabu halisi ya robo tatu kwa uzani, gramu saba na ushei.

Na jambo la pili kuhusu Tabora: sarafu hizo za shaba hazikuwa nzuri. Nyingine zimegongwa upande, nyingine maandishi yamefifia tangu siku ya kwanza. Ukiona heller 20 ya mwaka 1916 inang'aa na kunyooka kama kifungo cha koti jipya, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Wabelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai mwaka 1916, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba, na kazi ile ya kugonga sarafu ikawa imekwisha. Haikudumu hata mwaka mmoja.

Basi nikawaambia mzee na mwanawe kwamba tuache kitabu kwanza, tukitazame kipande chenyewe.

Upande mmoja kulikuwa na wanaume wawili wamevua kofia chini ya mwembe, na jina la Ujiji, na miaka 1871 na 1971. Maneno yote mengine yalikuwa ya Kiingereza. Upande wa pili kulikuwa na jina la Tanzania, tarakimu 5 na neno la Kiingereza la shilingi, na katikati tembo ameinua mkonga. Rangi ilikuwa ya fedha. Umbo lilikuwa la mviringo.

Hapo nikakumbuka historia ya fedha ya mji ule ule tuliokaa. Mwaka 1871 Ujiji haikuwa na sarafu inayotawala soko lake. Fedha ya sokoni ilikuwa shanga, zikiwemo zile ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya bomba la kiko lililovunjika. Kwa mambo makubwa, kama pembe za ndovu, kulikuwa na vitambaa: merikani, kaniki na vinginevyo. Anayesoma kisa cha Livingstone bila kukumbuka jambo hilo hawezi kuelewa kwa nini mzee yule alikutwa katika hali ya ufukara. Alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa, akitumaini kukuta mali yake aliyoletewa kutoka pwani. Sherif, aliyekabidhiwa mali hiyo, alikuwa ameiuza yote, yadi zipatazo 3,000 za kitambaa na ratili zipatazo 700 za shanga, akisema alipiga ramli akaona Livingstone amekwisha kufa. Kwa lugha ya leo tungesema akiba yake yote ya benki ilichukuliwa na mwakilishi wake. Stanley alipofika na misafara yake ya vitambaa na shanga, hakuleta salamu na magazeti tu; alileta fedha.

Tena msikilizaji, niseme hili ingawa liko kando kidogo: katika kile kipande hapakuwa na mtu mwingine ila hao Wazungu wawili. Susi hakuwepo. Ilhali Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea mgeni na ndiye aliyerudi mbio kumpasha bwana wake habari. Huo si ushahidi wa uongo wa sarafu, maana hata wachoraji waheshimiwa wamemwacha. Lakini mzee, ambaye ni mtu wa Ujiji hasa, aliliona kabla yangu, akacheka.

Pembeni mwa mwembe kulikuwa pia na tarehe: 10 Novemba. Hapo nilitaka kumnasa mtengenezaji, nikashindwa. Hiyo ndiyo tarehe aliyoitoa Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1872. Shajara ya Livingstone inaliweka tukio mwishoni mwa Oktoba, lakini naye alikuwa amepoteza hesabu ya siku kwa maradhi na safari.  Hata hivyo Serikali yoyote ingeweza kuandika tarehe ya Stanley bila aibu, kwa kuwa ndiyo inayojulikana na wengi. Kwa hiyo tarehe haikutupa kitu.

Nikiri pia kwamba kabla ya kukiona kipande, nilipoambiwa tu kuna kitu cha Livingstone kimefungwa kitambaani, moyo ulinipiga. Kuna vitu vya kweli vya namna hiyo ambavyo havimo katika vitabu vya sarafu, kwa sababu si sarafu. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, akina Susi na Chuma waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari mwaka 1874. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliagiza nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara ule. Upande mmoja una kichwa cha Livingstone, na kila nishani imeandikwa ukingoni jina la mtu aliyekusudiwa. Zilipoletwa Unguja watu walikuwa wamekwisha kutawanyika, wengine bara, wengine pwani, na wengine hawakupatikana. Nishani ya namna hiyo ikitoka katika kasha la bibi mmoja Ujiji, sitasema ni muujiza. Lakini hii yetu ilijitaja yenyewe kuwa ya mwaka 1971, na ukingoni hapakuwa na jina la mtu.

Tukabaki na swali lenyewe: je, Tanzania ilitoa sarafu ya Stanley na Livingstone mwaka 1971?

Mchuuzi alikuwa ameuchagua mwaka vizuri, au aliyemuuzia aliuchagua vizuri. Mwaka 1971 Tanzania ilitoa kweli sarafu ya kumbukumbu ya shilingi tano. Ilikuwa ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, na ilifungamana na kampeni ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Tena mwaka huo huo ulitoka ukumbusho rasmi wa mkutano wa Ujiji, nao ulikuwa wa shilingi tano! Lakini ulikuwa stempu. Ilitolewa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kwa jina la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Mtu mwenye kumbukumbu ya nusu nusu anaweza kabisa kuchanganya hivi viwili akapata cha tatu ambacho hakikuwepo. Ukimuuliza mzee wa posta atakuambia, naam, mwaka ule kulikuwa na kitu cha Stanley cha shilingi tano. Atakuwa amesema kweli.

Mtu anaweza kusema kwamba Serikali ya Mwalimu, miaka minne tu baada ya Azimio la Arusha, isingemweka Stanley kwenye fedha yake. Nami nina mwelekeo huo. Lakini sikutaka kumhukumu mtu kwa mwelekeo. Stempu ilikubaliwa, basi kwa nini sarafu isingekubaliwa? Nikatafuta kilicho imara zaidi.

Nikamwomba mke wa mzee kama ana sarafu za zamani. Mama akaingia ndani, akaleta mkebe wa vifungo na sindano. Mlikuwa na historia nzima ya nchi mle! Senti kumi ya mkoloni yenye tundu. Shilingi ya simba. Senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura, na shilingi moja ya mwenge, zote za toleo la kwanza la Benki Kuu ya Tanzania iliyofunguliwa mwaka 1966. Na chini kabisa, shilingi tano ya pembe kumi, ya mwaka 1971.

Tukazipanga juu ya jamvi, kile kipande katikati. Mtoto wa darasa la tano aliyekuwa ameketi mlangoni ndiye aliyesema la kwanza: "Babu, hii haina Nyerere." Alikuwa na haki. Sarafu za Benki Kuu za miaka ile zina picha ya Mwalimu, nazo zinataja thamani kwa Kiswahili. Hata zile za kumbukumbu za mwaka 1974 zilizogongwa Uingereza kwa ajili ya hifadhi ya wanyama, twiga wa shilingi 25, kifaru wa shilingi 50 na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500, zilikuwa na Mwalimu upande wake. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, lakini hawakumwondoa. Je, kweli Benki ile ile ingetoa sarafu isiyo na Rais, na thamani yake kwa lugha ya Kiingereza, mwaka ule ule ilipotoa hii ya pembe kumi?

Kisha yule tembo. Nilikuwa nikimtazama muda wote nikijiuliza nimemwona wapi. Ni tembo wa Tabora! Mkonga ule ule umeinuliwa, mlima ule ule nyuma, isipokuwa herufi T imefutwa. Mtengenezaji alikuwa amechukua picha ya sarafu ya dhahabu ya Wajerumani ya mwaka 1916, akaibandika kwenye ukumbusho wa Waingereza wa mwaka 1871, akaiandikia jina la nchi iliyopata jina hilo mwaka 1964.

Kijana wa mzee akaenda kuvunja spika ya redio mbovu akatoa sumaku. (Hapana, msikilizaji, hakuwa akikwepa kipindi hiki!) Tukaisogeza kwa shilingi tano ya pembe kumi: haikushtuka, kwa maana imetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Tukaisogeza kwa kipande: kikaruka, kikanata kwa mlio. Nikawatahadharisha wasiifanye sumaku kuwa kadhi. Sarafu nyingi halali za siku hizi zina chuma ndani, mathalani shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014, nazo zinanata. Swali ni kama metali hii inalingana na zile za mwaka unaodaiwa. Hailingani. Na mzee alipokwaruza ukingo kwa ukucha, rangi ya fedha ilibanduka, chini yake kukawa na kutu.

Nikampa mzee jibu langu. Nikasema kipande hiki si fedha ya bandia kwa maana ya kawaida, kwa sababu fedha ya bandia huiga fedha iliyopo, na hii haiigi sarafu yoyote iliyowahi kuwapo. Ni sarafu ya kubuni. Zimejaa duniani, nyingine huuzwa kama vitu vya ukumbusho bila udanganyifu, na mnunuzi wa kwanza hujua anachonunua. Udanganyifu huingia mkono wa tatu au wa nne. Kisha nikasema jambo ambalo lilimhusu zaidi: kwa sheria za nchi yetu, anayetoa sarafu ni Benki Kuu peke yake, nayo toleo jipya hulitangaza katika Gazeti la Serikali. Anayedai kwamba hii ni fedha ya Serikali, na alete tangazo hilo. Mzigo wa kuthibitisha ni wake yeye anayetaka hati ichanwe. Mzee hana deni la ushahidi kwa mtu.

"Na kama mchuuzi naye alidanganywa?" mzee akauliza.

Nikasema inawezekana kabisa. Huenda naye aliipokea kwa deni.

Mzee akanyamaza kitambo. Kwa magunia tisa ya dagaa alikuwa anadaiwa na wavuvi wa Kibirizi, na wavuvi hao walikuwa wanadaiwa mafuta ya karabai na nyavu. Nilijua kwamba jibu langu halikumletea hata shilingi moja. Angeipokea sarafu ile kama ya kweli, angalau angelala usiku mmoja akiwa tajiri.

Jumamosi sikuwepo; nilikuwa nimekwisha kupanda treni. Habari zilinifikia baadaye kutoka kwa kijana. Mchuuzi alikuja, akaambiwa yote, akaoneshwa shilingi tano ya pembe kumi na sumaku. Alikasirika kwanza, kisha akaketi chini, akasema alikipokea kipande kile badala ya mahindi. Mashahidi wawili waliitwa tena. Deni likaandikwa upya kwa mafungu matatu, na fungu la kwanza, la magunia mawili, akalilipa siku ile ile kwa noti. Kipande alirudishiwa katika kitambaa chake cheupe.

Ila mjukuu, yule wa darasa la tano, aliomba kwanza akichore kwa penseli juu ya karatasi, pande zote mbili. Mzee ameiweka karatasi hiyo ndani ya mkebe wa vifungo, ili akija mtu mwingine na tembo yule, wamjue.